Bustani za Bucharest zilizaliwa matopeni

Ukishuka kituo cha metro cha Universitate ukafuata bulevardi ya Regina Elisabeta kuelekea magharibi, unapita katikati ya majengo marefu ya zamani yaliyopauka, maduka ya kubadilisha fedha, vibanda vya mikate na foleni ya magari isiyokatika. Baada ya kama dakika kumi, jengo la Halmashauri ya Jiji likiwa mkono wa kushoto, upande wa kulia maghorofa yanakoma ghafla na miti inaanza. Unateremka kidogo, kwa kuwa bustani imekaa chini kuliko barabara, na hapo hapo unasikia joto limepungua. Hiyo ndiyo Cișmigiu, bustani ya umma kongwe kuliko zote Bucharest, mji mkuu wa Romania.

Huko kuteremka ndiko kulikonifanya nianze kuuliza. Mahali penye bonde katikati ya mji wa tambarare, maji huwa yanakwenda wapi mvua ikinyesha? Jibu ni kwamba zamani hayakwenda popote. Hapa palikuwa na bwawa, matete na maji yaliyolala yakanuka, na watu wenye uwezo walijenga mbali nalo. Mwaka 1830 Jenerali Pavel Kiseleff, Mrusi aliyekuwa akisimamia utawala wa Wallachia (ambayo leo ni sehemu ya kusini ya Romania) miaka hiyo, aliagiza likaushwe. Baadaye akaitwa fundi wa bustani kutoka Vienna, Wilhelm Meyer, akachora njia, akapanda miti, akaacha sehemu ya maji iwe ziwa. Bustani ikafunguliwa mwaka 1847 na kuzinduliwa rasmi mwaka 1854. Leo ina hekta kama 16 na miti ambayo watu watatu wakishikana mikono ndiyo wanaweza kuizunguka.

Nimeishi Bucharest muda wa kutosha kuzijua bustani zake katika majira yote manne, na kadiri nilivyosoma habari zake ndivyo nilivyokuta hadithi ile ile inajirudia. Mto Dâmbovița unakata mji katikati. Kaskazini mto Colentina unajitandaza kuwa mnyororo wa maziwa. Kati ya mito hiyo miwili kulikuwa na mabwawa, mashimo ya kokoto na mabonde yaliyojaa maji kila theluji ilipoyeyuka. Hakuna aliyeigombania ardhi hiyo. Kwa kuwa haikugombaniwa, ilibaki, na kwa kuwa ilibaki, wakuu wa nyakati mbalimbali (wafalme, halafu makomunisti) walipotaka kuwajengea watu mahali pa kupumzika waliikuta pale pale ikiwasubiri.

Mimi nimekulia Magomeni, Dar es Salaam, ng'ambo tu ya Jangwani. Najua vizuri ardhi isiyotakiwa inavyofanana. Najua barabara ikifungwa kwa sababu Msimbazi umefurika, mabasi ya mwendokasi yakikwama, watu wakivua viatu na kupandisha suruali magotini. Kwa hiyo bustani hizi sikuzitazama kwa macho ya mtalii. Nilizitazama nikiwaza kwetu.

Nikae kwanza Cișmigiu, maana inastahili.

Upande mmoja wa bustani kuna meza za wazee wa chesi. Wanafika asubuhi na mifuko ya nailoni yenye kete, saa za mchezo na mto mdogo wa kukalia, kwa kuwa benchi linauma. Wawili wanacheza, saba au wanane wamesimama juu yao na kila mmoja ana maoni. Mchezaji akishika farasi, mtu wa nyuma anaguna. Akimrudisha, anaguna mwingine. Meza za pembeni wanacheza ule mchezo wa dadu na kete za duara, na huko kelele ni kubwa zaidi: dadu zinapigwa kwenye ubao kwa nguvu kana kwamba namba inatii kofi. Niliwahi kusimama hapo kwa muda mrefu hadi mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya akanisogezea nafasi kwenye benchi bila kuniangalia. Alipomaliza kushindwa akaniuliza natoka wapi. Nilipomjibu, akatikisa kichwa kama mtu anayetafuta kitu kwenye droo.

"Nilisoma na vijana wa Afrika," akasema. "Politehnica. Miaka ya sabini. Kulikuwa na Wasudani, Wakongo, na wa kwenu pia. Walikuwa wakitushinda hesabu."

Maneno yake yana msingi. Enzi za Ceaușescu, mtawala wake wa kikomunisti, Romania iliwapokea wanafunzi wengi kutoka nchi za Afrika, wakianza na mwaka mmoja wa kujifunza Kiromania kabla ya kuingia udaktari au uhandisi. Ceaușescu mwenyewe alifika Tanzania mwaka 1972 katika ziara yake ya nchi kadhaa za Afrika. Wapo madaktari na wahandisi wa Afrika Mashariki ambao ujana wao ulipita kwenye mabenchi haya, na ninapokaa hapo huwa nawaza ni wangapi walioandika barua za nyumbani wakiwa chini ya miti hii.

Ndani zaidi kuna mviringo uliozungukwa na sanamu za waandishi 12 wa Kiromania, uliowekwa mwaka 1943. Eminescu yupo, Caragiale yupo, Creangă yupo. Watoto wanazizunguka kwa baiskeli. Kijana akimsubiri mpenzi wake anaegemea kwa Coșbuc na kutazama simu. Napenda sana kwamba waandishi wamewekwa usawa wa macho ya mpita njia, bila uzio na bila ngazi za kupandia. Ziwani kuna boti za makasia za kukodi, na majira ya baridi sehemu yake hugeuzwa uwanja wa kuteleza kwenye barafu. Kuna tausi kwenye banda lao wanaolia kwa sauti inayofika hadi barabarani.

Na kuna mwezi Juni. Hilo siwezi kulipita. Mwezi Juni mti ambao Waromania wanauita tei unachanua, maua madogo ya rangi ya maziwa yaliyopauka, na mji mzima unanukia. Harufu inaingia kwenye mabasi. Inaingia madirishani usiku. Nyuki wanajaa matawini hadi ukisimama chini yake unasikia mti wenyewe unavuma. Wazee wanaokota maua, wanayakausha kwenye magazeti, na baridi ikifika wanayachemsha chai. Kama una nafasi ya kwenda Bucharest mara moja tu, nenda Juni.

Kaskazini ya mji mambo ni makubwa zaidi. Herăstrău, ukijumlisha na ziwa lake, inakaribia hekta 190, na ukitaka kulizunguka ziwa lote kwa miguu, vaa viatu vya maana na ubebe maji. Huku nako palikuwa matope. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kazi kubwa ilifanyika kwenye mto Colentina: kuchimba, kuzuia, kugeuza vinamasi kuwa maziwa yenye kingo. Bustani ikafunguliwa mwaka 1936. Jina lake limebadilika na watawala. Makomunisti waliiita Stalin, na sanamu yake ilisimama langoni hadi mwaka 1962. Tangu 2017 jina rasmi ni la Mfalme Mihai I. Watu hawajali: kila mtu anasema Herăstrău.

Kusema kweli Herăstrău siipendi kama ninavyopenda Cișmigiu. Kingo zake nyingi zimeshikwa na migahawa, na Jumapili ya jua unatembea ukiukwepa umati wa baiskeli na skuta. Lakini pembeni yake kuna kitu ambacho ningemshauri kila Mtanzania akione, nacho ni Makumbusho ya Kijiji. Profesa wa sosholojia Dimitrie Gusti na wanafunzi wake walitumia miaka mingi kwenda vijijini, wakaishi na wakulima, wakaandika walichokiona. Kisha mwaka 1936 nyumba zenyewe zikaletwa mjini. Zilibomolewa kwa uangalifu, ubao kwa ubao, zikapakiwa kwenye treni na mikokoteni, na mafundi wa vijiji vile vile wakaja kuzijenga upya kando ya ziwa. Kuna kanisa la mbao kutoka Dragomirești, huko Maramureș, lenye paa lililochongoka. Kuna vinu vya upepo kutoka Dobrogea. Na kuna nyumba za Oltenia zilizochimbwa ardhini, paa tu ndilo linaloonekana juu. Unateremka ngazi na kukuta jiko, kitanda na baridi nzuri ya udongo. Humo ndimo walimoishi watu wenyewe, vizazi na vizazi. Hapa kuna kiingilio, na nalipa kwa moyo mweupe. Kila nikitoka hapo nakumbuka Kijiji cha Makumbusho pale barabara ya Bagamoyo, ambacho watu wengi wa Dar wanakijua kama kituo cha daladala tu, na kinanisikitisha, kwa sababu nyumba zilizomo ndani yake zina uzito huo huo.

Sasa niende nyumbani kwangu, Titan.

Titan ni mashariki ya mji, mtaa wa maghorofa ya enzi za ukomunisti, marefu, ya kijivu, yamepangwa safu kwa safu. Fleti ni ndogo. Wawili wakiingia jikoni, mmoja lazima atoke. Waliojenga mtaa huu miaka ya 1960 walijua hivyo, na katikati ya maghorofa wakaweka bustani kubwa yenye maziwa, ambayo jina lake rasmi ni la Alexandru Ioan Cuza lakini wakazi wanaiita IOR. Bustani hiyo ndiyo baraza la mtaa mzima. Jioni ya kiangazi, nyumba zikiwa zimeshika joto la nyuzi 35, watu wanashuka wote: bibi na mjukuu, baba na kigari cha mtoto, mabinti na spika yao ndogo. Wanauza mahindi ya kuchemsha, bisi na peremende za nyuzi. Na mbegu za alizeti zilizokaangwa, ambazo ndiyo chakula halisi cha bustani za Romania. Wanakaa wanazibangua kwa meno ya mbele, ganda huku, kiini kule, bila kukatisha mazungumzo.

Mama yangu alikuja kunitembelea, na siku ya pili nikampeleka hapo. Tulipofika kwenye benchi la kwanza hakukaa.

"Mwanangu, hapa tunalipia wapi?"

"Hapalipiwi, mama. Pa watu wote."

"Na haya mabenchi?"

"Nayo ya watu wote."

Akakaa, lakini pembeni, mkoba mapajani, kama mtu aliyekaa ofisini akisubiri kuitwa. Aliishi hivyo maisha yake yote: ukitaka kukaa mahali pazuri penye kivuli Dar, mara nyingi unaagiza soda, na soda ikiisha mhudumu anaanza kukuzunguka. Upande wa pili wa benchi kulikuwa na bibi mmoja mwenye kitambaa cha maua kichwani na mfuko wa karatasi wa mbegu. Alimtazama mama, akamtazama tena, kisha akamkunjulia mfuko. Mama akachota kidogo kwa adabu. Halafu akaninong'oneza, "Muulize ana miaka mingapi, nisije nikawa nimemnyima shikamoo yake."

Nikauliza. Miaka 81. Mama akageuka mzima mzima, akamwinamia, akamwambia "Shikamoo, bibi." Nikaeleza kwa Kiromania kinachopaswa kujibiwa. Yule bibi akalirudia neno mara mbili mdomoni kulizoea, kisha akasema "Marahaba" kwa sauti ya mtu aliyepewa haki yake. Walikaa pale hadi taa zikawaka. Mama alikuwa ameshauweka mkoba chini.

Mwendo mfupi kutoka kwenye benchi lile kuna kipande cha bustani ambacho sikutaka mama akione, nikampitisha njia nyingine. Ni eneo la kama hekta 12 ambalo miaka ya 2000 lilirudishwa mikononi mwa watu binafsi. Baada ya ukomunisti kuanguka, Romania ilitunga sheria, mojawapo Sheria namba 10 ya mwaka 2001, za kuwarudishia watu au warithi wao mali zilizotaifishwa. Haki hiyo naielewa. Familia nyingi zilinyang'anywa nyumba na mashamba bila kosa. Ila baadhi ya vipande vilivyodaiwa vilikuwa vimeshakuwa bustani kwa miongo kadhaa, miti imekua, watoto wa mtaa wamekulia humo. Kipande hicho cha IOR kimepiganiwa mahakamani kwa miaka. Miti mingi humo imekufa ikiwa imesimama, na miaka ya karibuni moto umewaka humo tena na tena. Wakazi wameandamana, wamepanda miche, wamekesha. Unatembea kwenye njia ya lami yenye kivuli, halafu kivuli kinakatika na unaona mashina meusi.

Hapo ndipo nilipoona jinsi gurudumu lilivyogeuka. Ardhi iliyokuwa tope, bila wa kuitaka, imekuwa ardhi ya thamani kuliko zote kwa sababu bustani imeizunguka. Ghorofa linalotazama ziwa linauzwa ghali kuliko linalotazama barabara. Bustani yenyewe ndiyo iliyopandisha bei ya ardhi inayotakiwa kuichukua.

Watu wa Bucharest wameshapambana na jambo hili na mara nyingine wameshinda. Bustani ya Carol, kusini ya katikati ya mji, iliandaliwa na Mfaransa Édouard Redont kwa ajili ya maonyesho makubwa ya mwaka 1906 ya kuadhimisha miaka 40 ya utawala wa Mfalme Carol I. Nayo ilianza kwenye uwanda wa majimaji. (Redont huyo huyo ndiye aliyeichora bustani ya Romanescu kule Craiova, ile yenye daraja la kuning'inia, ambayo mchoro wake ulipata medali ya dhahabu kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900. Ukipata siku moja ya ziada, panda treni uende.) Makomunisti waliongeza juu ya kilima mnara mkubwa wenye matao matano ya granaiti nyekundu, uliozinduliwa mwaka 1963, wakazika humo viongozi wao. Mwaka 1991 viongozi hao walitolewa. Mwaka 2004 ikaamuliwa kwamba mnara ubomolewe na kanisa kuu la taifa lijengwe mahali pake, ndani ya bustani. Waromania wengi ni waumini wa Orthodox wa kweli, na bado watu wa kada mbalimbali walisimama wakasema kanisa sawa, hapa hapana. Mpango ukaachwa. Kanisa lilijengwa kwingine, nyuma ya jengo kubwa la Bunge, na bustani ikabaki na mnara wake, Kaburi la Askari Asiyejulikana na wakimbiaji wake wa asubuhi.

Mwaka 2006 mwanahisabati aitwaye Nicușor Dan alianzisha chama cha kiraia cha kuiokoa Bucharest, akaanza kuzipeleka mahakamani hati za ujenzi zilizokula bustani na majengo ya kale. Kesi moja moja, miaka mingi. Mwaka 2020 akachaguliwa kuwa meya. Mei 2025 akachaguliwa kuwa Rais wa Romania. Siasa zake za leo Waromania wenyewe wanabishana juu yake, na wanayo haki. Linalonigusa ni njia aliyopitia: kusoma faili za ardhi, kujua mpaka uko wapi, kusimama mbele ya hakimu. Huko Nairobi Wangari Maathai aliikingia kifua Uhuru Park mwaka 1989 dhidi ya jengo la ghorofa 60, alipotukanwa akaendelea, na ghorofa halikujengwa. Bustani zinazosalia duniani, nyuma yake kuna mtu wa aina hiyo au mtaa wa aina hiyo.

Sheria ya Romania ya mwaka 2007 inautaka kila mji uwe na meta za mraba 26 za kijani kwa kila mkazi. Bucharest haijafika. Lakini namba ipo, imeandikwa, na mwananchi anaweza kuishika mkononi anapokwenda kulalamika. Hilo si dogo.

Bustani ya mwisho haikupandwa na mtu.

Kusini mashariki kulikuwa na monasteri ya Văcărești ya karne ya 18, iliyowahi pia kugeuzwa gereza. Miaka ya 1980 Ceaușescu aliibomoa, pamoja na nyumba za jirani, ili lijengwe ziwa kubwa la kuzuia mafuriko ya Dâmbovița. Ukuta wa zege ukajengwa kuzunguka eneo lote. Mapinduzi ya Desemba 1989 yakaja, kazi ikasimama, na ziwa halikujazwa. Serikali zilizofuata zilikuwa na mipango mingi kwa eneo hilo, na hakuna uliotimia. Wakati watu wanapanga, maji ya chemchemi yalipanda taratibu kutoka chini. Matete yakaota. Mierebi ikaota. Samaki wakafika, ndege wakawafuata, fisi-maji wakawafuata samaki. Wapenzi wa viumbe walianza kuhesabu na kupiga picha, wakaja na orodha ya zaidi ya aina 90 za ndege, katikati ya jiji, mwendo mfupi kutoka kwenye maduka makubwa. Mei 2016 serikali ikatangaza hekta 183 kuwa hifadhi ya asili ya mjini, ya kwanza nchini.

Unapanda ukuta wa zege kwa ngazi, unafika juu, na nyuma yako kuna tramu na mbele yako kuna matete hadi upeo wa macho, halafu maghorofa tena yakiwa madogo kwa mbali. Aprili niliwakuta mbayuwayu wakipiga mbizi juu ya maji. Mbayuwayu wa Ulaya wanapitisha majira ya baridi Afrika, na hao niliwatazama kwa muda mrefu, nikijua kwamba huenda mwezi mmoja nyuma walikuwa wamekaa kwenye nyaya za umeme za kwetu.

Kuna jambo jingine la Văcărești ambalo lazima lisemwe. Kabla haijaitwa hifadhi, ndani ya matete yale waliishi watu. Familia maskini, vibanda vya mbao na maturubai, wakivua samaki, wakifuga, wakikusanya vyuma. Watoto walijua kila kijito. Hifadhi ilipoanzishwa waliondolewa, wakapelekwa kuishi mjini, mahali ambapo hawakujua kuishi. Mimi naipenda hifadhi ile na naamini ilikuwa sahihi kuilinda. Lakini sikubali mtu anisimulie habari za fisi-maji na kuruka habari za watoto wale.

Nalisema hilo kwa sababu kwetu linatokea sasa hivi. Mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, umelenga kuupanua mto, kuinua daraja la Jangwani na kuligeuza bonde kuwa bustani kubwa ya jiji. Wakazi wengi wa bondeni wamelipwa fidia na kuvunja nyumba zao. Wapo walioridhika, wapo wanaosema fedha haikutosha kununua hata kiwanja. Naunga mkono bustani hiyo kwa moyo wote. Nimeona kwa macho yangu kinamasi kinavyoweza kuwa mahali ambapo mama wa miaka 60 anaweka mkoba wake chini na kupumzika. Dar inahitaji kivuli, na maji ya Msimbazi yanahitaji pa kupita bila kuingia vyumbani mwa watu.

Ila nimeona pia kinachofuata. Mara tu miti ikishika na upepo ukipoa, ardhi ya pembeni itapanda bei, na siku moja atatokea mtu na ramani yenye hoteli kwenye kona, au kituo cha mafuta, au ukumbi wa sherehe wa muda ambao hautaondoka. Maeneo ya wazi mangapi ya Kinondoni, Ilala na Temeke yamekwenda kwa njia hiyo, yakiwa bado yanasomeka kwenye ramani za mipango miji kama viwanja vya watoto? Kwa hiyo kabla ya mti wa kwanza, watu wa Magomeni, Kigogo na Mchikichini wana haki ya kuambiwa: hati ya bustani hiyo itaandikwa kwa jina la nani, mipaka yake itawekewa mawe lini, kiingilio kitakuwepo au hakitakuwepo, na mabenchi yatakuwa mangapi. Nikija likizo nitapeleka maswali hayo serikali ya mtaa kwa maandishi, na nitaomba nakala igongwe muhuri.